Shajara ya bodi ya mashine ya mpunga Ifakara: breka zilizosingiziwa

Jumatatu jioni

Nimeingia Ifakara. Kazi yenyewe ni bodi ya umeme ya mashine ya kukoboa mpunga. Ni Novemba, joto kali, na ndio wakati watu waliohifadhi mpunga stoo tangu mavuno wanautoa maana bei ya mchele imepanda, kwa hiyo mwenye mashine hataki kusikia habari ya kuzima siku nzima. Tumekubaliana kazi za kuzima nizifanye usiku na alfajiri, mchana napima tu huku wanakoboa.

Mama mwenye mashine kanipokea vizuri, maji ya kunywa, karanga, halafu lalamiko: "Fundi, hizi breka za siku hizi feki tupu. Tumebadilisha mpaka tumechoka, ya sasa hivi ndio angalau imetulia."

Hiyo iliyotulia ndiyo iliyonitia wasiwasi. Nimefungua boksi nikakuta meni (breka kuu) ni MCCB, yaani breka kubwa ya kiwandani, ya 160A, na mota ya kinu, 22kW, haina breka yake kabisa, kebo ya milimita 10 za mraba imetoka moja kwa moja kwenye basba (vipande vya shaba vinavyogawa umeme) mpaka kwenye stata ya sta-delta iliyo pembeni ya mota, inayoanzisha mota kwa voltiji pungufu (sta) halafu kuigeuza kwenye voltiji kamili (delta), mita kama 25 hivi. Polisha ya kung'arisha mchele, 11kW, ina C40 (breka ya ampea 40, herufi nitaieleza mbele), elevata mbili za kupandisha mpunga zina C10, taa na soketi zina C16. Kila kitu kina breka isipokuwa mzigo mkubwa kuliko yote.

Dogo anayeendesha mashine ndiye aliyenipa historia. Mwanzo meni ilikuwa 100A na kinu kilikuwa na MCB (breka ndogo ya kawaida) ya C63. C63 ikawa inashuka asubuhi wakati wa kuwasha, sio kila siku, leo ndio kesho hapana. Akaja fundi akairuka, akaunganisha juu kwa juu. Halafu ile 100A nayo ikaanza kushuka mchana saa nane saa tisa, fundi mwingine akaitoa akaweka 160A. Tangu hapo kimya. Breka za zamani Mama hakuzitupa, zipo kwenye ndoo pamoja na misumari na beringi mbovu. Nimeziomba.

Jumanne

Leo kazi ya klampu mita, ile inayobana waya na kusoma ampea. Mashine ikikoboa kwa mzigo kamili meni inasoma 84A, fezi zinapishana kidogo tu. Kinu peke yake 41A, sawasawa na kibao cha mota. Jioni voltiji ikaporomoka hadi 355V kati ya fezi na fezi, meni ikapanda 92A. Ndivyo mota zilivyo, kazi ni ileile, voltiji ikipungua mota inavuta ampea zaidi, na watu wengi wanadhani voltiji ndogo maana yake umeme mdogo.

Halafu nikapiga hesabu ya shoti, kitu ambacho kwenye hizi mashine za mtaani sijui kama kuna mtu anapiga. Transfoma ni ya 100kVA, impidansi (kizuizi chake cha ndani) asilimia 4 imeandikwa kwenye kibao, ampea zake kamili ni 144A, ukigawa kwa 0.04 unapata 3.6kA pale pale kwenye transfoma. Lakini kutoka pale hadi hapa ni mita 150 za waya wa alumini milimita 50, na waya nao ni ukinzani. Ukijumlisha vyote shoti ya fezi tatu hapa kwenye bodi ni kama 1.6kA tu. Fezi na nyutro karibu 980A. Kwenye mota mwisho wa ile kebo ya 10, fezi mbili zikigusana, kama 1080A.

Habari njema ni kwamba MCB ya 6kA inatosha sana kuvunja shoti ya hapa, hakuna haja ya kununua makubwa. Habari mbaya ni ile 160A. Sumaku yake, sehemu inayokata papo hapo kwenye shoti, hairekebishiki, imefungwa kwenye mara 10 ya namba ya breka, yaani 1600A, na kanuni ya kimataifa IEC 60947-2 inaruhusu ipishane asilimia 20 juu au chini, kwa hiyo inaweza kusubiri hadi 1920A. Shoti kubwa kuliko zote inayoweza kutokea kwenye hii bodi ni 1600 na ushee. Maana yake sumaku ya hiyo breka huenda isiamke hata fezi zote tatu zikigusana mbele yake.

Fezi mbili zikigusana kwenye mota ndio haiamki kabisa. 1080A kwa breka ya 160 ni mara 6.75, hapo inabaki sehemu ya joto, ile inayokata polepole, na grafu ya hiyo breka hapo inasoma sekunde 5 hadi 15. Kebo ya shaba ya milimita 10 yenye PVC inavumilia nini? Chukua 115 (namba ya shaba yenye PVC), zidisha kwa 10, kipeo cha pili, gawa kwa 1080 kipeo cha pili. Sekunde 1.1. Yaani kebo inaungua, PVC inayeyuka, pumba ziko pale chini zimejaa, breka bado inatafakari. Ndio hiyo iliyotulia.

Nimemweleza Mama kwa lugha ya kawaida, nikamwonyesha ile kebo inapopita juu ya rundo la pumba. Akanyamaza kidogo, akasema, "Sasa mwanangu si ungeanza na hiyo."

Jumatano usiku

Leo kupima breka za kwenye ndoo. Nimeazima kwa mwalimu wangu wa chuo kifaa chake, ni transfoma ya zamani ya mashine ya kuchomelea, upande wa pili kafunga mizunguko michache ya kebo nene, huku mbele kuna variaki ya kupandisha polepole. Voltiji inayotoka ni ndogo mno ila ampea unapata mia mbili na kitu. Sio kifaa cha maabara, lakini kwa kujua breka nzima au mbovu kinatosha.

Kwa wasiowahi kuisoma grafu ya breka: chini kuna ampea zimeandikwa kama mara ngapi ya ile namba ya breka, mara 1, mara 2, mara 5, mara 10. Pembeni kuna muda, kuanzia sehemu ndogo ya sekunde hadi saa nzima. Skeli sio ya kulingana, kila hatua ni mara kumi, ndio maana grafu inaonekana ya ajabu. Kuna mstari wa mteremko, hiyo ni sehemu ya joto, kibamba cha metali mbili kinapashwa na umeme wenyewe mpaka kinajikunja na kufyatua, mzigo ukizidi kidogo kinachukua muda mrefu, ukizidi sana kinawahi. Halafu ghafla mstari unaanguka wima, hapo ni sumaku, koili inavuta na breka inakata hapo hapo. Na sio mstari mmoja, ni mkanda mpana, kwa sababu kila breka inayotoka kiwandani inaruhusiwa kuangukia popote ndani ya huo mkanda. Huo upana ndio watu wanausahau.

Herufi B, C, D zinahusu sumaku tu. B inaanguka kati ya mara 3 na 5, C kati ya 5 na 10, D kati ya 10 na 20. Sehemu ya joto ni ileile kwa zote: kwa MCB ya IEC 60898-1, kwenye mara 1.13 isishuke ndani ya saa moja, kwenye 1.45 lazima ishuke ndani ya saa moja, na hii ni kwa breka hadi 63A. Kuna mtu aliwahi kunibishia kwamba D inabeba mzigo mkubwa kuliko C. Haibebi. C32 na D32 kwa mzigo wa kawaida ni mapacha.

Turudi kwenye ndoo. C63 nimeunga poli zote tatu (njia zake za fezi) kwa mfululizo, maana ukipima poli moja tu breka inachelewa, zile nyingine mbili zimepoa na hazisaidii kusukuma. Nikaingiza 160A, yaani mara 2.55, hapo kanuni inataka kwa breka ya zaidi ya 32A ishuke kati ya sekunde 1 na 120. Imeshuka sekunde 38. Nikairudisha papo hapo bila kuipumzisha, ikashuka sekunde 14. Hiyo sio ubovu, breka ni kama sufuria iliyotoka motoni sasa hivi, ukiirudisha jikoni haianzi na ubaridi. Mtu anayeinua breka kila ikishuka bila kusubiri ataiona kila mara inawahi zaidi na ataapa kwamba imekufa.

MCCB ya 100A ina kanuni ya viwandani, 60947-2, yenyewe ni mara 1.05 isishuke na mara 1.30 ishuke, ndani ya saa mbili kwa ukubwa huu. Kwa 130A imeshuka dakika 47. Nzima kabisa.

Kwa hiyo zote mbili zimesingiziwa. Kazi sasa ni kujua zilikuwa zinaona nini.

Alhamisi

Alfajiri nimeirudisha C63 kwa muda kwenye njia ya kinu ili niione ikifanya kazi. Hopa tupu, dogo akabonyeza. Sta ikashika, mota ikaanza kunguruma, sekunde tatu tu taima ikageuza kwenda delta, na mota bado haijafika hata robo tatu ya spidi unaisikia kwa sikio. Klampu upande wa kushika umeme wa kuwashia ikasoma 380A, na hapo ujue klampu inatoa wastani wa milisekunde 100, kile kilele cha nusu wimbi la kwanza kiko juu zaidi.

380A kwa C63 ni mara 6. Ukiangalia mkanda wa C, mara 5 hadi 10 ni eneo la labda. Breka moja itavumilia, nyingine itakata, na hata ileile itakata au haitakata kulingana na kontakta (swichi ya stata) imefunga kwenye sehemu gani ya wimbi. Ndio ile "leo ndio kesho hapana" ya dogo. Breka haikukosea kitu, aliyefunga taima kwenye sekunde 3 ndiye aliyekuwa anairushia mota ambayo haijashika spidi kwenye voltiji kamili.

Nimesogeza taima hadi sekunde 9, nikasikiliza mpaka mlio wa mota ukanyooka ndipo delta ikashika. Klampu: 255A. Breka haikutikisika. Taima ni ya bei rahisi na skrubu yake inazungushwa na bisibisi ndogo, na kwa sababu yake watu walifika hadi kuunganisha waya juu kwa juu.

Nikiwa kwenye stata nikacheki relei ya ovalodi, inayozima mota ikizidiwa mzigo. Imewekwa 38A. Mtu angesema sawa tu, mota ni 41A, lakini relei hii imekaa ndani ya delta, kwenye waya zinazoingia kwenye koili, huko ampea ni 0.58 ya zile za laini. Ilitakiwa 24A. Kwa 38A mota ingeweza kuvuta 65A kwenye laini na relei ikaona poa. Nimeishusha 24, nimemwambia dogo ikishuka asiipandishe, anipigie.

Saa tisa alasiri nikaweka kipimajoto ndani ya boksi la meni. Boksi liko ukuta wa magharibi, juu bati, jua linalipiga uso kwa uso. Nyuzi 51. Ile MCCB ya 100A imepimwa kiwandani kwa nyuzi 40, zaidi ya hapo kibamba kinakuwa tayari nusu njia, namba halisi inashuka kwenye tisini na kitu kutegemea mtengenezaji. Mzigo 84 hadi 92. Na MCB ndio zaidi, zenyewe zinapimwa kwa nyuzi 30 na zimebanana bega kwa bega zinapashana joto. Halafu nikaona lagi (kichwa cha kebo kinachofungwa boliti) ya fezi ya pili kwenye kebo ya meni imebadilika rangi, imekuwa zambarau, boliti inazunguka kwa vidole. Jointi iliyolegea inatengeneza joto lake na joto linaingia kwenye breka kupitia shaba, poli hiyo inajikunja kabla ya wenzake. Kwa hiyo 100A ilikuwa inashuka mchana kwa sababu ya jua, bati na boliti, na dawa iliyotolewa ikawa breka kubwa zaidi. Boliti ilibaki vilevile.

Ijumaa na Jumamosi

Kununua. Breka za kurekebishika Ifakara sijazipata, zimeagizwa Kariakoo zikaja na basi. Nilichochagua na kwa nini:

Meni nimeweka MCCB ya 100A, joto linarekebishika 0.8 hadi 1, sumaku mara 5 hadi 10. Joto nimeacha 1. Sumaku hapa ndio nilikaa na kalamu muda mrefu. Inatakiwa ione ile 980A ya fezi na nyutro, na isiguswe na kinu kikiwaka. Nikiiweka mara 8 ni 800A, toa na ongeza asilimia 20, ni kati ya 640 na 960. Juu iko chini ya 980, inapita kwa nywele lakini inapita. Chini 640 iko mbali na mota, hata kinu kikivuta mara 12 kwa nusu wimbi pamoja na mizigo mingine sifiki 550. Mara 10 ambayo ndiyo breka inakuja nayo kutoka dukani ingefika 1200, isingeiona. Watu wengi wanafunga breka ya kurekebishika na kile kidude hakijaguswa tangu kitoke kwenye boksi, sasa hela ya ziada umelipia nini?

Kinu nimekipa MCCB ya 63A, joto nimeshusha 0.8 yaani 50A, sumaku mara 9, 567A, mkanda 454 hadi 680. Shoti ya mwisho wa kebo 1080, inaonekana vizuri sana. Kulikuwa na ushauri wa rafiki yangu kwamba niweke tu MCB ya D63 ni rahisi, ila D inaweza kusubiri hadi 1260A na hapa hatuna 1260A ya kuipa. Karibu na transfoma kubwa ningemsikiliza.

Polisha C40 imebaki. Elevata zimebaki. Taa C16 nazo zimebaki, sumaku yake inaamka kati ya 80 na 160A, meni haiamki kabla ya 640, kwa hiyo taa ikipiga shoti huko mwisho inashuka ya taa peke yake. Kati ya kinu na meni sio hivyo. Shoti kamili kwenye mota itaamsha zote mbili na meni inaweza kushuka pamoja. Kuzitenganisha ningehitaji breka ya elektroniki yenye ucheleweshaji mfupi, zile za kiwandani unakuta vidude L, S, I na G, unaiambia meni isubiri milisekunde 200 ili wa chini amalize kazi yake. Bei yake kwa mashine hii haina maana, mota ikipiga shoti kamili Mama atafunga mashine siku hiyo hata hivyo.

Boksi limehamia ukuta wa ndani, kivulini, na jointi zote zimekazwa kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) kama breka zilivyoandikwa ubavuni.

Jumapili

Imebaki ethi, njia ya umeme kwenda ardhini. Rodi ya hapa imepima omu 18 na hakuna muungano wowote wa ethi na nyutro. 230 gawa kwa 18 ni karibu 13A. Ganda la chuma la mota likiguswa na fezi, ampea 13 zinaenda ardhini, na hakuna B wala C wala D yoyote humu itakayojua, hata C16 itazibeba hizo 13 kama mzigo wa kawaida huku mtu anashika ganda lenye umeme. Grafu zote nilizochora wiki hii hazisaidii kitu hapa. Nimeweka RCD, inayokata umeme ukivujia ardhini, ya 300mA yenye kuchelewa kwenye meni, na ya 30mA kwa soketi. Ile ya soketi nimeijaribu kwa testa ikakata milisekunde 27. Ya meni imekata 190.

Saa kumi na mbili jioni voltiji 358, hopa imejaa, kinu, polisha, elevata zote. Meni 91A. Nimekaa na kipimajoto saa mbili, boksi nyuzi 36, hakuna kilichoshuka. Vidude vya kurekebisha nimeviwekea alama ya rangi nyekundu na kwenye mlango wa boksi nimebandika karatasi: meni 1 na 8, kinu 0.8 na 9, ovalodi 24, taima 9.

Wiki ijayo nitarudi kwa ajili ya elevata ya pili, fezi moja inavuta 1.2A zaidi ya wenzake na sipendi. Ile 160A ipo kwenye ndoo, Mama anauliza kama nina mteja. Nimemwambia amuuzie mtu mwenye kebo ya milimita 70 na transfoma ya jirani.